Saa za Wanyama: Niliyojifunza Usiku kati ya Rutamba na Rondo

Mamalia wengi duniani ni wanyama wa usiku. Chuoni Morogoro sentensi hiyo ilipita haraka darasani, ikafuatwa na mambo ya meno, mafuvu na majina ya Kilatini, na wenzangu waliiandika wakafunua ukurasa mwingine. Mimi iliniganda. Nimezaliwa Lindi vijijini, upande wa Rutamba, ambako mtu mzima yeyote aliyewahi kulima mahindi au mpunga anaweza kukueleza usiku umegawanyika vipi na kila sehemu ni ya nani. Kuna saa za nguruwe, kuna saa za komba, kuna saa za fisi, na kulikuwa na miaka ambayo saa zote za giza zilikuwa za simba. Nilipoanza utafiti wa wanyamapori kama kazi nilirudi nyumbani na kamera za kutega na vinasa sauti, na tangu hapo nimekuwa nikifuatilia jambo moja: kwa nini wanyama hawa wanaishi saa wanazoishi, na sisi binadamu tumezigeuza saa hizo kiasi gani.

Kwetu, mazao yakianza kukomaa watu huhamia shambani. Hujengwa dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, paa la nyasi, ngazi ya miti, na nusu ya familia hulala humo tangu mahindi yanapotoa ndevu mpaka mavuno yaingie ndani. Kazi ya dungu ni kuamia, yaani kulinda mazao yasiliwe. Mchana huamiwa ndege, kima na nyani, na hiyo ni kazi ya watoto. Usiku huamiwa nguruwe, na hiyo ni kazi ya wakubwa. Mjomba alinichukua mapema kuliko kawaida kwa sababu nilikuwa na usingizi mwepesi. "Wewe kaa macho, mwanangu. Ukisikia bua linavunjika, niguse mguu, usiseme neno." Nikisikia bua linavunjika namgusa mguu, naye anaamka papo hapo na kuanza kupiga debe. Dungu la jirani linajibu kwa debe lake, na la mbele yake linajibu, mpaka bonde zima linalia.

Mgeni wa mjini huchanganya nguruwe pori na ngiri. Ngiri ni mnyama wa mchana, jioni anaingia shimoni kinyumenyume akalala. Nguruwe pori, kwa upande wetu, ni wa giza. Ana manyoya marefu mgongoni, anaishi katika kundi dogo la dume, majike na watoto, na pua yake inafukua chochote kilicho chini ya udongo, kuanzia ming'oko ya porini mpaka mihogo ya shambani. Kundi moja likipata nafasi usiku mmoja, asubuhi mwenye shamba anakuta mabua yamelazwa, magunzi yametafunwa nusu nusu, na matuta ya mihogo yamepinduliwa kana kwamba trekta limepita. Familia inayotegemea ekari mbili haina namna ya kulipokea jambo hilo kwa utulivu. Nasema hivi kwa sababu baadhi ya maandishi ya uhifadhi humtaja mkulima kama tatizo la mnyama tu, na hayasemi mkulima huyo analala wapi.

Mjomba hakuwahi kuniambia nguruwe ni wengi au wachache mwaka huu bila kutaja saa. "Mwaka huu wanaingia mapema." "Mwaka huu wamekuwa waoga, hawaji mpaka usiku wa manane." Shamba lake la mbali, lililopakana na miombo, nguruwe walifika hata magharibi kabla taa haijawashwa. Shamba la karibu na kijiji walifika watu wakishazama usingizini. Kwake lilikuwa jambo la kawaida kama kujua mto unajaa mwezi gani. Nilipokuja kuona kwenye majarida ya kisayansi michoro ya duara inayoonyesha saa za shughuli za mnyama, nilikuwa tayari nimeshaisikia kwa maneno kutoka juu ya dungu.

Chanzo cha habari hii ya usiku kiko mbali sana nyuma, na sehemu yake imelala ndani ya mkoa wetu. Kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi kuna kilima cha Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, kazi ikifanywa na mamia ya watu wa huku kwetu chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa vichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Mnyama mkubwa kuliko wote waliomtoa pale amesimamishwa Berlin, urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Kila mtoto wa Lindi amesikia habari zake, na mjadala wa kama arudi au asirudi hauishi kwenye vijiwe vya kahawa. Uchungu wa mjadala huo naujua na ninaushiriki.

Lakini miamba hiyohiyo ilitoa kitu kingine ambacho vijiweni hakitajwi. Mwaka 1927 lilielezwa kitaalamu taya dogo kutoka Tendaguru, taya la chini lililopoteza meno yake, likapewa jina Brancatherulum tendagurense. Ni taya la mamalia. Katika miaka ya 1990 wataalamu waliochambua upya mawe na mchanga wa Tendaguru walieleza mamalia wengine wa pale, Tendagurodon, Tendagurutherium na Staffia, wengi wao wakijulikana kwa meno au vipande vya mifupa ambavyo ungeweza kuvipoteza kwenye mfuko wa shati. Umri wa mabaki hayo ni karibu miaka milioni 150. Nilipoliona lile taya dogo kwenye picha nilikaa nalo muda mrefu. Hapa kwetu, kwenye ardhi hii ya korosho na ufuta, jamaa wa mbali wa ng'ombe, popo, nguruwe na binadamu waliishi wakiwa wadogo kama panya, chini ya miguu ya wanyama wenye uzito wa malori.

Mnyama mdogo kiasi hicho anaishije? Mwaka 1942 Gordon Walls, mtaalamu wa macho ya wanyama, alitoa wazo kwamba mamalia wa kale walijificha usiku. Dinosaria waliutawala mchana, na wadogo wakapata riziki gizani. Taya peke yake halisemi mwenyewe alitembea saa ngapi, na mtafiti mwaminifu hawezi kulilazimisha liseme. Ushahidi uko kwenye miili ya walio hai. Ndege na mijusi wengi wana aina nne za chembe za jicho zinazotambua rangi. Mamalia wengi wamebaki na mbili tu, kwa sababu gizani rangi haina faida na mwili hauhifadhi kwa vizazi mamilioni kitu kisichotumika. Badala yake wana pua kali, masharubu yanayopapasa, masikio yanayosikia kunong'ona kwa mdudu ndani ya majani makavu. Sisi binadamu, pamoja na kima na nyani, tulikuja kupata aina ya tatu baadaye sana, jamii yetu ilipokuwa imerudi kwenye nuru ya mchana na ikihitaji kutofautisha tunda bivu na bichi.

Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Roi Maor walikusanya habari za saa za shughuli za spishi 2,415 za mamalia walio hai, wakazipanga kwenye mti wa ukoo na kurudi nyuma. Jibu walilopata ni kwamba mamalia walianza kuonekana mchana baada ya dinosaria kutoweka, miaka milioni 66 iliyopita. Nilipoisoma makala hiyo nilikuwa kambini Rondo, na nikamsomea mzee niliyekuwa nafanya naye kazi, nikimtafsiria kipande kwa kipande. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Kwa hiyo mwenye mchana akiondoka, walio gizani wanatoka?" Nikamwambia ndiyo, babu, ndivyo wanavyosema. "Na mwenye mchana mwingine akija?" Sikumjibu usiku ule. Nilipata jibu la swali lake baadaye, nami nitalifikia.

Mzee huyo alikuwa mwindaji ujanani, na ndiye aliyenifundisha msitu wa Rondo. Uwanda wa Rondo unapanda zaidi ya mita 800 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi ukungu unaukalia mpaka jua likolee. Ndani yake kuna mimea isiyoota mahali pengine popote duniani. Mivule mikubwa ilishakatwa tangu enzi za wakoloni na baadaye, na sehemu nyingine ikapandwa miti ya mbao. Kilichobaki cha msitu wa asili ni kidogo kuliko jina lake. Humo ndimo anamoishi komba wa Rondo, mmoja wa komba wadogo kuliko wote, uzito wake kama gramu 60, mkia wake mwekundu-kahawia na manyoya yanazidi kutanuka kuelekea ncha. Jina lake la kisayansi lilitolewa 1997. Fikiria: mnyama wa jamii ya nyani, ndugu yetu wa mbali, ameishi juu ya vichwa vya watu muda wote huo, na vitabu vya sayansi vikamwandika juzi.

Sababu ya kuchelewa ni usiku. Kwa muda mrefu wataalamu waliwapanga komba kwa kutazama ngozi na mafuvu kwenye makabati ya makumbusho. Wakiwa wamelala kwenye kabati, komba wa aina mbili wanaweza kufanana kabisa. Katika miaka ya 1970 vitabu vilihesabu chini ya spishi 10 za komba Afrika nzima. Leo zinahesabiwa karibu 20, na kilichobadilisha hesabu hiyo zaidi ya kingine chochote ni sauti. Simon Bearder na wenzake wa Oxford walipita misituni wakinasa milio, wakagundua kwamba komba wanaofanana kwa sura wana miito tofauti kabisa. Ni jambo la kutazamiwa ukishalielewa. Mnyama wa mchana anamtambua mwenzake kwa rangi ya uso au mkia. Mnyama wa gizani anamtambua kwa sauti na harufu, kwa hiyo mageuzi yanafanya kazi kwenye sauti, na sura zinaweza kubaki vilevile ukoo ukiwa umeshagawanyika zamani.

Mzee wangu hakuhitaji hoja hiyo. Usiku wa kwanza tulipotembea naye msitu wa Litipo, komba aliita juu ya mti, nami nikaandika kwenye daftari. Mwingine akaita mbele kidogo, mzee akanishika mkono. "Huyo si wa ukoo wa yule." Tukasimama. Wa kwanza alikuwa anaita kwa kuongeza, mlio mmoja mmoja, kisha miwili miwili, kisha mitatu, kama anayejifunza kuhesabu. Huyo ndiye komba wa Grant. Wa pili alirudia mlio wa vipande viwili, tena na tena, bila kuongeza wala kupunguza. Huyo ndiye wa Rondo. Kambini niliziweka sauti hizo kwenye kompyuta, zikajichora kwenye kioo, na michoro ikasema alichosema mzee. Tangu hapo nilibadilisha utaratibu wa kazi: namuuliza yeye kwanza kisha nafungua kompyuta.

Kazi yenyewe ni ya polepole. Unatembea hatua chache kwenye mstari uliopimwa, unasimama, unazima kila kitu, unasikiliza. Tochi ya kichwani ina taa nyekundu, maana macho ya komba hayasumbuliwi nayo kama yanavyosumbuliwa na nyeupe. Macho yao yana tabaka nyuma linalorudisha mwanga, kwa hiyo unaona nukta mbili zinazowaka kisha zinaruka hewani na kuwaka mti mwingine. Kuna usiku unaorudi na sauti nyingi, kuna usiku mvua inakulaza kambini. Nilishaambiwa na majirani kwamba kazi ya porini usiku si ya mwanamke, na mama yangu ndiye aliyewajibu, kwa hiyo nami sikuwa na sababu ya kuongeza neno.

Kinachonisumbua kuhusu komba wa Rondo ni udogo wa mahali alipobaki. Anajulikana kutoka misitu michache tu ya pwani: Rondo, Litipo na Chitoa hapa Lindi, Ziwani kule Mtwara, na mingine michache kaskazini karibu na Dar es Salaam na Bagamoyo. Aliwahi kuwekwa kwenye orodha ya jamii za nyani 25 zilizo hatarini zaidi duniani. Misitu hiyo ni vipande vilivyotengana, na kati ya kipande na kipande kuna mashamba, mikaa na barabara. Komba wa gramu 60 hawezi kuvuka mashamba ya ufuta kwenda kutafuta mchumba Chitoa. Mtu anayekata mti wenye tundu hamwoni komba aliyelala ndani, kwa sababu ni mchana.

Niseme kidogo kuhusu sange, maana ndiye anayevunja kanuni. Pua ndefu, miguu myembamba, anakimbia juu ya majani makavu kwa mwendo wa kurukaruka, na watu wengi humwita panya. Panya si ndugu yake. Vipimo vya vinasaba tangu mwisho wa miaka ya 1990 vinamweka ukoo mmoja na tembo, pimbi, muhanga na nguva, ukoo uliokulia hapa Afrika. Sange mkubwa wa misitu yetu anatembea mchana na usiku analala kwenye kiota cha majani alichokusanya chini. Yeye ni mmoja wa waliotoka gizani. Nikimwona asubuhi Litipo, najua mitego ya nyaya bado haijafika sehemu hiyo.

Sasa simba. Ningependa nisiandike sehemu hii, lakini bila yake maelezo yote yanapwaya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 simba walikuwa wanakula watu Lindi. Jirani yetu mmoja, baba wa watoto niliokuwa nasoma nao, alichukuliwa akiwa shambani wakati wa kuamia, mapema tu, watu wengine wakiwa bado wanakula chakula cha usiku. Walisikia debe likianguka. Baada ya hapo magharibi milango ilifungwa, choo cha nje kikawa safari ya watu watatu wenye mienge, na mahindi ya wengi yakaliwa na nguruwe kwa sababu hakuna aliyethubutu kulala kwenye dungu. Njaa ya mwaka ule ilitoka huko.

Miaka kadhaa baadaye, chuoni, nilikutana na kijiji changu ndani ya jarida. Mwaka 2005 Craig Packer, Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir walichapisha uchunguzi wa mashambulio ya simba Tanzania: tangu 1990 mpaka 2004 watu wasiopungua 563 waliuawa na wasiopungua 308 walijeruhiwa, wengi wao kusini na pwani, Lindi ikiwa kati ya wilaya zilizoumia zaidi. Mashambulio yalipanda msimu wa mavuno, Machi mpaka Mei. Na walipouliza ni nini kinatofautisha wilaya zenye mashambulio mengi na zenye machache, jibu lilikuwa nguruwe pori. Pale ambapo swala, pundamilia na mawindo mengine ya simba yamekwisha, nguruwe wanabaki, kwa sababu wanaweza kuishi kwa mazao ya watu. Nguruwe wanaingia shambani usiku, simba anawafuata nguruwe, na shambani anamkuta mtu amelala kwenye kibanda akiyalinda mahindi yake dhidi ya nguruwe haohao. Nilisoma ukurasa ule nikimwona jirani yetu. Hakuna aliyefanya kosa katika mnyororo huo. Kila mmoja, nguruwe, simba na mtu, alikuwa anatafuta chakula.

Mwaka 2011 Packer, Ikanda, Kushnir na mwenzao Alexandra Swanson walirudi na swali la mwezi. Walichambua karibu mashambulio 500 ya kati ya 1988 na 2009 na kuyalinganisha na umri wa mwezi. Hatari ilikuwa kubwa zaidi katika siku zinazofuata mwezi mpevu, na saa zake ni zile za mwanzo wa usiku. Hesabu yake ni nyepesi. Mwezi mpevu huchomoza jua linapozama, kwa hiyo hakuna giza la jioni. Kila siku inayofuata mwezi huchelewa kwa kama dakika 50, na baada ya siku tatu au nne kuna saa mbili tatu za giza totoro watu wakiwa bado wako nje, wanapika, wanatembeleana, wanatoka msikitini. Simba naye, katika zile siku za mbalamwezi, alikuwa anawinda kwa shida, maana mawindo yanamwona. Kumbukumbu za miaka mingi za matumbo ya simba wa kaskazini, yalivyojaa au yalivyo matupu, zinaonyesha hivyo. Giza likirudi, linamkuta na njaa.

Watu wa pwani wanahesabu mwezi tangu mwandamo na wanajua usiku wa leo ni wa ngapi bila kutazama kalenda ya ukutani. Kwa hiyo nilipoanza kuieleza habari hii vijijini sikuhitaji michoro. Nilisema tu: kuanzia mwezi kumi na sita mpaka wa ishirini na tano, jioni msitembee peke yenu. Bibi mmoja akasema walikuwa wanaambiwa hivyo na mama zao, ila walidhani ni kwa ajili ya mashetani. Ninauheshimu sana ushuhuda wake. Kilichohifadhiwa pale ni tarehe sahihi.

Lile swali la mzee, kuhusu mwenye mchana mwingine, lilijibiwa mwaka 2018. Kaitlyn Gaynor na wenzake walikusanya tafiti 76 za spishi 62 za mamalia kutoka mabara sita, wakilinganisha mahali penye watu wengi na mahali penye wachache. Karibu kila mahali mamalia wamesogea usiku. Mnyama aliyekuwa akigawa shughuli zake nusu mchana na nusu usiku, karibu na watu anafikisha asilimia 68 usiku. Na haikujali sana kama watu wale ni wawindaji, wakulima au watalii wanaotembea tu. Tunatisha kwa kuwapo. Nilimpigia mzee simu nikamwambia: babu, mwenye mchana mwingine ni sisi. Alicheka kwa muda, kisha akasema hilo alikuwa analijua, alitaka tu kusikia kama na wazungu wamelijua.

Nami nimeliona kwenye kamera zangu. Ndani ya msitu, mbali na njia za watu, nguruwe pori wanapita jioni na alfajiri, nuru ikiwa bado ipo. Pembeni ya mashamba, nguruwe wa aina ileile hawaonekani mpaka saa tatu au nne usiku. Ni hadithi ya mjomba, tarehe na saa zikiwa zimepigwa chini ya kila picha. Na hapo ndipo ninapoona uzito wa jambo hili kwa watu wetu: kadiri tunavyowafukuza mchana, ndivyo tunavyowasukuma kwenye saa ambazo sisi hatuoni na simba anaona. Ulinzi wa shamba unahama kutoka jioni, penye taa na majirani, kwenda usiku wa manane. Kwa maoni yangu fedha nyingi za utafiti wa kusini zinamfuata simba na tembo, na nguruwe pori, ambaye ndiye anayeamua mkulima alale wapi, hana hata kitabu chake. Ningekuwa na uwezo ningeanza naye.

Msimu uliopita nilieleza haya yote kwenye mkutano wa kijiji, pamoja na pendekezo la watafiti kwamba kuwapunguza nguruwe mashambani kutapunguza pia sababu ya simba kuingia humo. Wanaume wengi waliitikia. Mama mmoja, mkulima wa mpunga bondeni, akasimama nyuma. "Mwanangu, asante kwa maelezo. Lakini nguruwe tukiwamaliza, simba akija na njaa yake atamkuta nani?" Nikamwambia ukweli, kwamba mawindo mengine yasiporudi, swali lake ndilo linalopaswa kupimwa kabla ya mtu yeyote kuchukua bunduki. Tulibishana mpaka adhana ya alasiri. Tukakubaliana kupanga kamera kwa kulifuata swali hilo: baadhi pembeni ya mashamba yaliyozungushiwa uzio wa miti na matawi ya miiba, baadhi kwenye mashamba ya wazi, baadhi ndani ya msitu kuangalia kama swala na digidigi bado wanapita. Mama yule alitoa shamba lake liwe mojawapo, kwa sharti moja: kadi za kamera zifunguliwe palepale kwenye mkutano, watu wote wakiwa wameketi, kabla sijazipeleka Morogoro.